Amueni Kabla Hamjaingia Porini

Hotuba ya tabibu wa kituo cha afya kwa mkutano wa wafugaji nyuki, wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa kikundi, wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu, mwangaluka!

Najua wengi wenu mmeingia jana usiku, wengine kwa baiskeli, na ajenda iliyowaleta ni bei ya asali na mizinga iliyoibwa. Katibu amenichomeka katikati ya hayo mawili, kwa hiyo sitazunguka.

Barua ya mwaliko iliniomba nieleze "dawa nzuri ya aleji". Nitawaudhi mapema: dawa moja ya kumaliza aleji sina. Nilichokuja kuwaomba ni mfanye uamuzi, na mfanye mkiwa wazima, mmekaa hivi chini ya mwembe, mna akili zenu. Siku macho yamevimba na mnatafuta bodaboda, hakuna anayeamua kitu cha maana.

Kituoni napokea mtu macho yamefumba, ananiambia, "Daktari, nichome ile sindano ya aleji." Anachomwa, anapata nafuu, anaondoka. Msimu ukigeuka amerudi vilevile. Nini kinakuletea hali hii? "Hali ya hewa." Ulitumia dawa gani? "Vile vidonge vidogo vya njano." Mara ya mwisho ilikuwa lini? Anamtazama mkewe. Miaka inakatika na kila mara inatibiwa kama ndiyo ya kwanza. Aleji nyingi za watu wazima hukaa na mtu miaka, pengine maisha yote. Jambo la kukaa nalo maisha yote linataka mpango, kama mnavyopanga mizinga itundikwe wapi na nani ataipitia.

Nianze na nyuki. Akikuuma, anaacha mwiba pamoja na kifuko cha sumu, na kile kifuko kinaendelea kusukuma hata baada ya yeye kwenda zake kufa. Ukikitazama kwa karibu utakiona kinacheza. Wazee wametufundisha tuukwangue mwiba kwa kisu au ukucha, tusiubane kwa vidole. Waliolichunguza jambo hili wameona kwamba haraka ya kuutoa ina uzito kuliko namna ya kuutoa, kwa sababu ndani ya sekunde chache sehemu kubwa ya sumu imeshaingia. Usipoteze muda kutafuta kisu. Utoe kwa chochote, halafu ondoka pale, kwa kuwa harufu ya mwiba ule inawaita wenzake.

Baada ya hapo miili haijibu sawa. Kuna anayeumia, anakuwa mwekundu, anavimba kidogo siku moja mbili. Huyo si mgonjwa. Kuna wa pili anayeumwa kidoleni, uvimbe ukapanda hadi kiwiko na kukaa siku tatu nne. Huyu anatisha kwa macho, lakini hatari yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: katika watu 100 wa namna hiyo, ni kati ya 5 na 10 watakaokuja kupata shida ya mwili mzima wakiumwa tena.

Wa tatu ndiye aliyenileta hapa. Ameumwa shingoni, lakini nyayo ndizo zinazowasha. Mabaka yanatoka tumboni, mahali ambapo nyuki hakufika. Midomo inajaa, sauti inakauka, kifua kinapiga filimbi, anatapika, anaona giza. Na ni nyuki mmoja tu. Msimchanganye na yule aliyevamiwa na kundi zima akaumwa mara mia kadhaa; pale tatizo ni wingi wa sumu, na inaweza kumuua hata asiye na aleji yoyote. Huyu wa tatu kinga ya mwili wake ndiyo inayopiga vita visivyohusika. Mtu mzima aliyewahi kufika huko, akiumwa tena, uwezekano wa kurudiwa ni kati ya 30 na 60 katika 100.

Mnaweza kusema, basi akirudiwa tutamkimbiza zahanati. Mwaka 2000 daktari mmoja wa Uingereza, Richard Pumphrey, alichapisha uchunguzi wake wa vifo vya aleji kali nchini kwao. Aliangalia muda unaopita tangu mtu akutane na kile kinachomdhuru hadi moyo au pumzi kusimama. Kwa waliouawa na chakula, nusu yao walikuwa wamefika hapo ndani ya dakika 30. Kwa walioumwa na wadudu, dakika 15.

Sasa niambieni, kambi zenu ziko umbali gani na zahanati? Mzee wangu pale mbele ananionyesha vidole vitatu. Saa tatu, kwa baiskeli, kama njia haina maji. Kwa hesabu hiyo, "tutamkimbiza" si mpango. Mtu wa aina ya tatu akiingia porini, dawa iwe imeingia naye, na iwe pamoja na mtu anayejua kuitumia. Vinginevyo asiingie. Hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na mengine yote nitakayosema ni matawi yake.

Najua kwamba kumwambia mrinaji asirine asali ni neno zito. Kuna watu hapa wamerithi mizinga kwa baba zao, na wanaona kuacha ni kama kufutwa jina nyumbani. Lakini kurina ni sehemu moja tu ya kazi hii. Kuna kuchuja asali, kuyeyusha nta, kuchonga mizinga, kufungasha, kuisafirisha hadi Tabora mjini na kubishana na wanunuzi, kazi ambayo baadhi yenu hamuiwezi hata kidogo. Nasema na uongozi hapa: kikundi kinachogawa pesa kwa mrinaji peke yake, na anayechuja akaambiwa asante, kinawarudisha wagonjwa wake porini kwa njaa. Ajenda ya mgao wa mapato iko mchana. Lizungumzeni hili humo humo.

Anayesema sitaacha, au siwezi kuacha, tumpangie dawa. Dawa yenyewe ni adrenalini. Nimekuja na moja, ipitisheni mkono kwa mkono ila msiivunje. Ni kichupa cha kioo chenye mililita moja, na ndani yake miligramu moja ya dawa. Mtu mzima anachomwa nusu yake kwenye msuli wa paja, upande wa nje, hata juu ya suruali ikibidi. Dakika tano zikipita bila nafuu, anarudiwa. Mtoto hupimiwa kwa uzito. Itazameni vizuri: haina rangi kabisa. Ikigeuka ya waridi au ya chai imeharibika, itupwe. Jua na joto huiharibu, kwa hiyo isikae kwenye boksi la pikipiki wala isining'inizwe nje ya hema. Ulaya na Marekani watu hutembea na kalamu yake iliyopimwa tayari, ukiibonyeza pajani inajichoma yenyewe. Kwetu kalamu hizo ni adimu na bei yake si ya mkulima. Sisi tutatumia kichupa na bomba la sindano, kwa maandishi ya daktari na baada ya kufundishwa. Sitaki kusikia mtu amenunua akakaa nayo kwa kubahatisha. Afundishwe mgonjwa, na afundishwe mwenzake wa kambi, kwa sababu mgonjwa anaweza kuzimia kabla hajaifikia.

Na mwenzake ajue hili: mlazeni chini, inueni miguu yake. Desturi yetu ya kumsimamisha mtu na kumtembeza "apate hewa" iacheni. Presha yake ikiwa imeshuka, kumwinua ghafla kunaweza kummaliza hapo hapo. Anayehangaika kupumua akae, mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Kisha apelekwe hospitali hata kama amechangamka na anawacheka, kwa kuwa hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Mtauliza, na piritoni je? Piritoni inapunguza kuwasha na mabaka. Haifungui koo lililoziba wala haipandishi presha iliyoanguka. Nisingependa mtu afe vidonge viko mfukoni, amevimeza vinne na anangoja vifanye kazi.

Wazee wangu wenye presha, nanyi nina neno lenu. Baadhi ya dawa za presha na moyo, kama atenolo na propranolo, zinaweza kuifanya adrenalini isishike vizuri wakati inahitajika. Msiziache kwa sababu nimezitaja. Kuziacha ghafla kuna hatari yake. Mkija kliniki mwambieni daktari, "Mimi ni mfugaji nyuki, na niliwahi kuvimba mwili mzima." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha dawa anayowaandikia. Hawezi kuijua kwa kuwatazama usoni.

Kuna jambo lingine linalowashangaza wengi. Wafugaji nyuki wa Ulaya walipochunguzwa, walioumwa zaidi ya mara 200 kwa mwaka karibu hawakuwa na historia ya ile hali ya tatu. Waliokuwa nayo kwa wingi ni wale wanaoumwa mara chache. Kwa hiyo yule mzee anayelala na mizinga mwaka mzima pengine yuko salama kuliko mwalimu mwenye mizinga miwili nyuma ya nyumba, au shemeji wa Dar anayekuja likizo na kutaka kupigwa picha akirina. Wake na watoto nao wamo humu. Wanafua ovaroli zenye miiba na sumu iliyokauka, na wanaumwa mara mojamoja. Ovaroli ikung'utwe huko huko manzukini, penye mizinga, ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za mtoto.

Msije mkaondoka hapa mkisema tabibu ameruhusu kujizoesha. Kuzoeshwa mwili kupo, tena ni tiba ya zamani. Leonard Noon aliijaribu London mwaka 1911 kwa chavua ya nyasi, akiwachoma wagonjwa kiasi kidogo kidogo kinachopanda. Kwa upande wa nyuki, madaktari walihangaika miaka mingi kwa kusaga nyuki mzima na kumchoma mtu maji yake. Mwaka 1978 huko Baltimore, Marekani, jaribio lilionyesha kwamba nyuki wa kusagwa hana tofauti na sindano ya maji matupu. Katika makundi yote mawili zaidi ya nusu ya watu walidhurika walipoumwa tena. Sumu safi ndiyo iliyowakinga. Leo tiba hiyo huanza kwa kiasi kilicho chini sana ya mwiba mmoja, hupandishwa hadi mikrogramu 100, ambayo ni karibu sawa na miiba miwili, kisha mtu anachomwa takriban kila mwezi kwa miaka mitatu hadi mitano. Kwa sumu ya nyuki inawakinga kama wanne katika kila watano. Hutolewa mbele ya daktari, adrenalini ikiwa mezani. Anayekamata nyuki na kumbandika mkononi anaanza pale ambapo wenzake huchukua wiki nyingi kufika.

Tiba hiyo kituoni kwangu haipo. Lakini kama nyuki ndiyo ada ya watoto wako na umri wako bado, omba rufaa, uulize huko juu. Ni gharama, ni safari, ni miaka. Mwingine atapiga hesabu na kuona bora achuje asali, naye hajakosea. Namheshimu aliyepiga hesabu yake kuliko anayesema "Mungu yupo" huku amesahau kwamba amewahi kuzimia.

Sasa niingie kwenye biashara yenu, na mnisamehe. Nimeona chupa za asali zimeandikwa kwamba zinatibu aleji ya pua. Wanaoziuza wana maelezo mazuri: asali ina chavua za maua ya hapa, ukiila mwili unazizoea. Shida ni kwamba chavua inayowasumbua watu pua huwa ni ile inayosafirishwa na upepo, ya nyasi na baadhi ya miti, wakati nyuki hubeba chavua nzito ya maua inayonata. Asali ni chakula, ni fahari ya Tabora, na inatuliza kikohozi. Iuzeni kwa sifa hizo, zinatosha. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvidhibiti, vikamlegeza misuli mpaka ya kupumua.

Nyumbani sasa, kwa ufupi. Mwenye mafua yasiyoisha, anapiga chafya kila asubuhi, macho yanawasha, na homa hana: huyo huenda ana aleji ya pua. Anunue daftari la shule la kawaida, aandike kwa mwezi mmoja au miwili siku ilivyokuwa mbaya na alikuwa wapi. Alikuwa anafagia? Ghalani? Kwenye bani la kukaushia tumbaku? Kitandani? Wadudu wa vumbi, ambao hawaonekani kwa macho, hukaa kwenye magodoro na mito, na chakula chao ni magamba ya ngozi zetu. Daftari hilo akija nalo kituoni linanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa, na pengine litaonyesha kwamba kinachomsumbua ni moshi wa jikoni tu, ambao si aleji na dawa yake ni kuhamisha jiko.

Akishajulikana, dawa yake ni ya kinga. Dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, hutumiwa kila siku, na nguvu yake kamili huonekana baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Watu hupuliza mara mbili, hawaoni kitu, wanaitupa kabatini. Ielekezwe upande wa sikio, isielekezwe kwenye ukuta wa katikati ya pua, maana hapo hutoa damu. Kwa vidonge, setirizini au loratadini hazilazi mtu kama piritoni, na kwa dereva wa bodaboda tofauti hiyo ni ya uhai. Ile "sindano ya aleji" mnayoipenda, na vidonge vya deksa mnavyouziwa bila cheti, ni steroidi ya mwili mzima. Mara moja kwa shida kubwa, sawa. Ukiizoea msimu baada ya msimu, inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa, inatia ukungu machoni, na mwili unaacha kutengeneza ya kwake.

Pumu ina mkutano wake, ila mjue kwamba tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, hautaki tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa pampu ya kufungua kifua peke yake. Anatakiwa awe na ya kutuliza uvimbe wa ndani pia. Kama unayo ile ya bluu tu, njoo tuzungumze.

Mama zangu, mtoto akitoka vipele msimnyime vyakula kwa orodha ya jirani. Nimeona mtoto amekatazwa mayai, samaki, maziwa, maharage na karanga kwa mkupuo, kisha analetwa kliniki uzito umeshuka. Uliza kwanza: vilitoka baada ya dakika ngapi, na alipokula tena vilirudi? Aleji ya maziwa na mayai watoto wengi hupona wakikua, kwa hiyo katazo la leo lisiwe la milele, lirudiwe kupimwa kwa daktari. Ya karanga hupona kama mtoto mmoja katika watano. Na zamani tuliambiwa tuwacheleweshee watoto karanga. Mwaka 2015 huko London, utafiti wa Gideon Lack na wenzake kwa watoto wachanga waliokuwa katika hatari kubwa ulionyesha kinyume: waliolishwa karanga mapema, kuanzia kati ya miezi 4 na 11, walipata aleji hiyo pungufu kwa takriban asilimia 80 kuliko walionyimwa. Uji wetu wa karanga zilizosagwa tulikuwa tunauonea aibu bure. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, humpalia. Na mwenye ukurutu mkali au ambaye yai lilishamdhuru, aonwe na daktari kabla ya kuanzishiwa.

Mwenyekiti amenionyesha saa mara ya pili, na harufu ya wali naisikia na mimi. Kabla hamjaondoka wilayani, kila kambi imtume mtu mmoja akamuulize mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu nayo kama adrenalini ipo leo kwenye rafu, na tarehe yake ya mwisho ni lini. Akisema haipo, jina la zahanati lije kwangu.

Waliowahi kupata mabaka mwili mzima, kubanwa kifua au kuzimia baada ya kuumwa, wabaki hapa chini ya mwembe na wenzao wa kambi, tuandike majina na tupange siku ya mafunzo. Wengine karibuni chakula. Na kile kichupa changu, aliye nacho akirudishe, naona hakijafika kwa akina mama.